Magodoro Tisa Sebuleni kwa Bibi

Jamani, hii aibu ningeificha, lakini kwa kuwa mtaa mzima huku Ilemela unaijua, acha niisimulie mwenyewe kabla hawajaniongezea chumvi.

Studio yangu ilikuwa sebuleni kwa bibi yangu (ndiyo, naishi kwa bibi, na ndevu zangu hizi, tuendelee), na siku hiyo kwaya moja kutoka Butimba ilikuwa inakuja kurekodi wimbo wa harusi ya binti wa mwalimu wao. Ndiyo ingekuwa kazi yangu ya kwanza ya maana. Shida ni kwamba sebule ile ina mwangwi kama pango, na nje bodaboda hawakomi kupiga honi. Basi, Bibi akiwa amekwenda Kisesa kwa dada yake, nikatoa makochi yote uani, nikazunguka kwa majirani kuazima magodoro ya kuegesha ukutani, na kwa haraka niliyokuwa nayo sikumweleza mtu ni ya nini. Jirani yetu Mama Neema akaniuliza, "Kwema huko?" nami nikamjibu huku nakimbia na godoro lake kichwani, "Tutaongea baadaye mama, watu wanakuja."

Mnajua wenyewe kwetu makochi yakitoka nje na magodoro yakaingia ndani maana yake nini. Ni msiba. Na Bibi haonekani.

Ndani hatuna habari. Magodoro tisa ukutani, mablanketi mlangoni, mimi na hedifoni masikioni najiona mhandisi, kwaya inaimba mpaka nasisimka, kumbe wimbo wa harusi ukipita kwenye magodoro unatoka nje mzito na wa huzuni (nimeambiwa na watu waliokuwa wanaulilia). Tukiwa ubeti wa mwisho, mlango ukasukumwa, akaingia Bibi analia, "Masanja wangu, mmemlaza wapi?"

Maskini, alikuwa amerudi akakuta turubai, wanaume wamekaa, akina mama wanachambua mchele, na kila mtu aliyemsogelea kumuuliza nani kafariki alipiga yowe akakimbia kama kaona mzimu. Akajumlisha mwenyewe kwamba marehemu ni mimi.

Nikasimama na hedifoni zangu, nikasema, "Shikamoo Bibi."

Akanizaba kofi.

Waombolezaji walikula ubwabwa wao (Bibi alikataa usirudishwe, alisema ni msiba wake), na waimbaji wakala nao, wakacheka mpaka sauti zikawakauka. Mwalimu wa kwaya akasikiliza rekodi mara moja tu, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, siwezi kumpeleka binti yangu kanisani na hiki kilio." Wakaenda kurekodi kwingine.

Nimeapa sitaazima tena godoro la mtu bila kueleza la nini, hata ikibidi nieleze mpaka anichoke. Ila ile rekodi ninayo, na kwa kweli magodoro yalifanya kazi: kofi la Bibi limetoka safi, halina mwangwi hata chembe.