Saruji Niliyoivika Nyumba ya Ngozi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikikaa peke yangu huja yenyewe bila kuitwa. Nilikuwa kijana mwenye misuli na maneno mengi, nimesimama juu ya jukwaa la miti, mwiko mkononi, na chini yangu mzee mmoja analamba udongo wa ukuta.

Ndiyo, analamba. Usicheke. Mimi nilicheka, na kicheko kile nimekibeba hadi leo.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Nilizaliwa Hombolo, baba yangu akiwa na ng'ombe na shamba la uwele. Shule nilifika darasa la tatu. Mwalimu alisema kichwa changu kizuri, tatizo makalio hayapendi dawati. Nikaja mjini Dodoma, nikaangukia kwa mafundi wa lipu. Wakati huo nyumba zetu nyingi zilikuwa tembe, kuta za udongo na paa la udongo, bapa kama meza. Mtu aliyepaka nyumba yake saruji alitembea amenyanyua shingo kama twiga. Sasa mimi niliyejua kuipaka, hebu fikiri shingo yangu ilifika wapi.

Si mbali na reli palikuwa na nyumba ya mawe watu waliyoiita Nyumba ya Ngozi. Zamani za wakoloni ngozi za ng'ombe na mbuzi zililetwa pale kutoka vijijini, zikawambwa, zikakauka, zikapakiwa kwenye treni. Kuta zake zilikuwa nene, ukinyoosha mkono wote dirishani vidole havitokezi upande wa pili. Mawe yalishikwa kwa udongo, na juu yake pakapakwa udongo tena na chokaa. Kila mwaka mvua zikiisha, mzee Ndahani alikuja kukandika upya palipomenyeka. Kazi ile aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa mmoja wa waliobeba mawe ya kuijenga.

Mwenye nyumba, mfanyabiashara wa nafaka, alichoka na habari ya kukandika kila mwaka. Akaniita. "Ipake saruji, niisahau," akasema. Nikaitikia kabla hajamaliza.

Ndahani alikuja na debe lake la udongo, akanikuta juu nagonga ukuta kwa nyundo, nautia makovu ili lipu ishike. Hakunitukana. Aliokota kipande kilichoanguka, akakiweka ulimini, akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi wa mkwewe.

"Wee mzee, njaa imekushika kiasi hicho?" nikamwambia. Vibarua wakaangua kicheko.

"Shuka uonje na wewe," akajibu. "Huu ni udongo wa kichuguu. Mchwa ameutafuna kabla yetu. Umechanganywa samadi na majani makavu. Ukuta huu unakunywa maji wakati wa mvua, kiangazi unayatoa kama jasho. Ukiuvika saruji, jasho litatokea wapi?"

"Litakutoka wewe mzee, ukizunguka kutafuta kazi nyingine."

Walicheka zaidi. Yeye akasema taratibu, "Kijana, hujauliza hata nyumba hii imejengwa kwa kitu gani." Akabeba debe lake, akaenda zake. Alirudi kwao upande wa Makutupora, akafia huko miaka kadhaa baadaye. Sikwenda kumzika. Nilisema nina kazi.

Wahenga wamesema kuuliza si ujinga. Walisahau kusema kwamba kutouliza, ukiwa kijana na watu wanauchekea utani wako, kunafanana sana na akili.

Basi lipu ikatoka. Laini, mwanangu! Watu walipita wakiipapasa kama ngozi ya mtoto mchanga. Nikapata jina. Jina hilo limenilisha maisha yangu yote, limesomesha wanangu, na mmoja wao, Yoramu, akarithi mwiko na jina pamoja. Miaka yote akitafuta kazi alisema, "Mimi mtoto wa Fundi Danieli aliyepaka Nyumba ya Ngozi," na mtu akampa kazi.

Mvua za kwanza hazikufanya kitu. Baada ya miaka michache ukatokea ufa. Nikaitwa, nikauziba kwa saruji. Ukatokea mwingine, nikauziba. Mnaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba nyufa zote, na ukuta ukaharibika vilevile. Methali haikukosea. Mimi ndiye niliyekuwa naziba mdomo wa mgonjwa kila akitaka kuonyesha panapomuuma. Kisha chini ya dirisha ukuta ukaanza kutoa tumbo. Nilipoliona tumbo lile nikayakumbuka maneno ya Ndahani, nikajua. Kuanzia hapo nikawa napita njia nyingine. Mji ni mkubwa, njia hazikosekani.

Miaka ikaenda. Mwenye nyumba akafa, nyumba ikaishia mikononi mwa jiji, wakaifanya stoo. Serikali ilipohamia huku kwetu, mji ukaota maghorofa. Ihumwa niliyoijua kwa mbuzi na vumbi, leo ukienda unaweza kupotea mchana kweupe. Silalamiki, wajukuu zangu wanapata kazi huko. Ila watu wa ofisi ya jiji nao wakaona kwamba vya zamani vinakwisha huku tunaangalia, wakaanza kuzunguka kuorodhesha nyumba za kale, ipi ilindwe, ipi imeshindikana.

Ndipo akaja kwangu Zuhura, mmoja wao. Binti wa Kondoa, Mrangi, ana utepe wa kupimia, kamera, na daftari lililojaa mchanga.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mrangi wewe, asali iko wapi?" nikamtania, maana Kondoa ni kwa asali.

"Asali nimeiacha nyumbani, babu. Nyie Wagogo mkionja hamrudishi chupa."

Nikampenda papo hapo. Na maswali yake! Mawe yalichimbwa kilima gani? Yalibebwaje? Kwa nini madirisha ni madogo upande wa upepo? Nani alikata magogo ya paa? Sikuwahi kuona mtu mwenye kiu namna ile ya kuujua ukuta. Mengine niliyajua, nikamweleza hadi chai ikapoa. Nilimweleza habari za Ndahani na baba yake. Habari za nyundo yangu sikumweleza.

Alipokuwa anafunga daftari akasema, "Babu, mhandisi ameiangalia. Ule ukuta wa upande wa njia umevimba, na watoto wanapita pale kwenda shule. Anasema nyumba imechoka kwa uzee, ibomolewe kabla ya mvua. Kikao ni Alhamisi, ofisi ya mtaa. Kama uvimbe ule una sababu nyingine, naweza kuiombea iingie kwenye orodha ya kulindwa. Kama ni uzee tu, sina la kusema."

Mwanangu, chakula cha jioni kilinishinda. Nikamwita Yoramu, nikamwambia yote. Aling'oa kijiti, akakivunja vipande vipande.

"Baba, ukisema hivyo mbele ya mtaa mzima, mimi kesho nitamwambia nani kwamba najua kazi?"

Simlaumu Yoramu. Si mtoto mbaya. Ana watoto wanne na mke, na mwiko wake ndio shamba lake. Ukinisikia nasimulia leo usidhani niliamka asubuhi jasiri. Niliamka nikiomba kikao kiahirishwe.

Hakikuahirishwa. Mhandisi alisimama akaeleza kwa upole, na alichosema kilikuwa cha haki, kwamba nyumba ya kale si bora kuliko mtoto wa mtu. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Mkono wangu ulianza kuinuka, nikaushusha. Akauliza tena, nikaushusha tena. Zuhura alikuwa ameinamia daftari lake, kalamu imetulia. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tulivyofundishwa, lakini pale nikaona kifo chenyewe si changu. Mimi ningerudi nyumbani na jina langu zima. Ambayo ingekufa ni nyumba.

Nikasimama. "Nyumba ile haijazeeka," nikasema. "Inaumwa, na aliyeitia ugonjwa ni mimi. Niliufunga ukuta wa udongo kwa saruji, na mzee aliyejua kazi aliponionya nikamcheka."

Nyuma mtu akasema, "Leo Fundi Danieli kajishtaki mwenyewe!" Watu wakacheka. Mama mmoja mwenye genge la mboga akasimama mikono kiunoni: "Na nyumba yangu je? Ulinipakia nini wewe mzee?"

"Yako ni ya tofali za saruji, mama. Lala usingizi."

Mhandisi hakucheka. "Mzee, maneno hayashikilii ukuta. Twende tukaone."

Tukaenda, mtaa mzima nyuma yetu kama tunapeleka bwana harusi. Nikashika tindo na nyundo, pigo la kwanza likaenda pembeni. Hapo mtu akaipokea tindo kutoka nyuma yangu. Nilidhani Yoramu alibaki nyumbani. "Leta, Baba, utajigonga kidole," akasema, wala hakunitazama usoni. Akaibomoa lipu ya baba yake kwa mikono yake.

Saruji ilibanduka bamba zima, kama ganda la ukoko. Nyuma yake udongo ulikuwa umelowa. Mwanangu, ilikuwa kiangazi cha Dodoma, wakati ambao hata mate yanakauka kabla ya kufika chini, na udongo ule ukiukamua unachuruzika! Mhandisi aliingiza mkono, akautoa umejaa tope. Akaomba nondo, akachokoa ndani zaidi, kiasi cha shubiri mbili. Huko mawe yalikuwa makavu, yameshikana, hayatikisiki. Zuhura amechuchumaa karibu naye, anauliza, anaandika, anauliza.

"Huu si uzee," mhandisi akasema mwishowe. "Huyu amenyimwa pumzi."

Njia ya watoto ikawekewa uzio siku ileile. Saruji yote ikabanduliwa, ukuta ukaachwa ukauke. Pembe moja haikupona, ikashushwa jiwe kwa jiwe ikajengwa upya. Nyumba ikaingia kwenye orodha. Yoramu alipoteza wateja wawili kwa maneno yangu, sitakudanganya kwamba msema kweli hupata thawabu yake siku hiyohiyo. Alinuna wiki nzima. Kisha akaja akakaa karibu nami, akauliza udongo wa kichuguu unapatikana wapi siku hizi.

Sasa sikiliza linalonichoma. Ulipofika wakati wa kukandika, Zuhura aliniuliza, "Babu, kipimo kikoje? Madebe mangapi ya udongo kwa samadi kiasi gani? Unaachwa uvunde siku ngapi?" Sikujua. Siku ile debe lilikuwa chini yangu, mwenye debe amesimama, ananiambia nishuke nionje. Ingetosha nishuke. Tulikwenda Makutupora kwa wanawe Ndahani, wakatupokea vizuri, wakatulisha na zabibu, lakini wao wanalima mizabibu, hawakumbuki. Tukabaki kujaribu kwenye ukuta wa nyuma, kiraka hiki kikapasuka, kile kikadondoka, kingine kimeshika ila mvua bado haijakiona. Katika umri huu, mwanangu, naamka mapema kwenda kuchungulia viraka. Nataka kujua. Kiu aliyokuja nayo yule binti imeniambukiza, na aliyekuwa na maji yuko kaburini.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukikabidhiwa kitu kilichokutangulia duniani, iwe nyumba, iwe shamba, iwe kazi ya mkono wa mwingine, usikirekebishe kabla hujajua kimetengenezwa kwa kitu gani, na muulize anayejua angali na pumzi ya kujibu. Kipya si adui, saruji haina kosa, kosa ni kuipaka bila kuuliza. Na ukishakosea, usisubiri bomoabomoa ndipo useme. Sema wakati ukuta bado umesimama, hata kama jina lako ndilo litakaloanguka. Jina huokotwa, watu hulifuta vumbi wakaendelea.

Mungu akupe miguu ya kushuka jukwaani unapoitwa. Akupe wazee wa kuwauliza, na siku ukizeeka akupe vijana wenye maswali mengi kuliko majibu yako. Ukawe na nyumba inayopumua, na ndani yake watu wanaosemezana. Amina.