Matroni na Breki za Gari la Viti Viwili

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Nilipewa beseni la mafuta ya taa, brashi, na rundo la vyuma vilivyotoka kwenye gia boksi ya lori, nikaambiwa nivioshe. Nilikuwa nimetoka kwetu Vuga alfajiri, nimevaa viatu vya kuazima vilivyonibana, nami nilitaka sana kuonekana hodari. Jioni Mkuu wa Karakana akaja, akainua gia moja akaitazama kwenye mwanga.

“Umeosha panapoonekana, Athumani,” akasema. “Sasa osha pasipoonekana.”

Nikarudia rundo zima.

Karakana yetu pale Lushoto ilihudumia magari ya serikali. Vipuri vilikuwa adimu. Gasketi, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya chuma na chuma ili oili isivuje, tuliikata wenyewe kutoka maboksi. Injini tuliisikiliza kwa bisibisi ndefu: ncha unaigusisha kwenye chuma, mpini unauweka sikioni, unasikia kila kinachogonga ndani. Vijana mnaotumia kompyuta kupima gari msicheke, ilifanya kazi.

Katika mwaka wangu wa sita alikuja Matroni Naomi, muuguzi mkuu wa hospitali, mama mnene mwenye sauti ya chini ambaye hata madaktari walimwogopa kidogo. Alikuwa amenunua gari kwa meneja wa shamba la chai aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Lilikuwa gari la spoti la zamani, viti viwili tu, paa la turubai, na lilikaa chini kiasi kwamba ukinyoosha mkono unaokota jiwe barabarani. Lilikuwa limelala bandani miaka mingi, kuku wakitaga kwenye kiti cha abiria.

“Shikamoo, Matroni,” nikamwamkia.

“Marahaba. Sikuja kutengenezewa gari. Nataka mtu wa kunifundisha nilitengeneze mwenyewe.”

Mkuu wa Karakana akacheka hadi akakohoa. “Matroni, gari si mgonjwa.”

“Halili, halinywi, halitembei,” akajibu. “Wewe hali hiyo unaiitaje?”

Basi nikapangiwa kwenda kwake kila Jumamosi. Nilidhani atachoka baada ya wiki mbili. Hakuchoka. Kila kipuri alichokifungua alikilaza kwenye trei kama za hospitali, akabandika plasta na kuandika kimetoka wapi. Tulifungua kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa, akasafisha vitundu vyake kwa subira ambayo mimi sikuwa nayo. Alibadilisha nyaya zilizogugunwa na panya. Ilichukua karibu mwaka. Injini ilipowaka mara ya kwanza alipiga kigelegele hadi majirani wakatoka wakidhani kuna aliyejifungua.

Zikabaki breki. Katika gari lile ukikanyaga padeli unasukuma mafuta kwenye bomba nyembamba hadi kila gurudumu, na mipira midogo ndiyo inayoyazuia yasitoke. Mafuta hayo ni ya aina yake. Ukitia oili ya kawaida, mipira inavimba, breki zinang'ang'ania magurudumu, zinapata moto, mwishowe padeli inakuwa kama umekanyaga hewa. Haya niliyajua kama ninavyolijua jina langu.

Lakini Jumamosi ile nilikuwa na haraka ya kuwahi arusi ya binamu yangu. Nilichota kutoka kopo lililokuwa kwenye rafu ya karakana bila kunusa, bila kuuliza, nikampelekea chupa.

“Hii ni nini?” akauliza Matroni.

“Mafuta ya breki.”

“Mbona chupa haina jina? Kwetu wodini isiyo na jina tunaimwaga.”

“Nimechota mwenyewe, Mama. Niamini.”

Akaniamini.

Wiki iliyofuata tukateremka kwenda Mombo, yeye akiendesha, mimi pembeni. Tulipopita Soni nikasikia harufu ya kuungua. Gari likawa zito, kama linavutwa kwa nyuma. Nikafungua kinywa nimwambie asimame, lakini yeye alikuwa ameshakanyaga, na padeli ikaenda hadi sakafuni. Mbele yetu kulikuwa na kona, na kwenye kona akina mama wameketi na ndoo zao za peasi.

Matroni hakupiga kelele. Alirudisha gia ya pili, injini ikalia, akavuta hendibreki, kisha akalisukumiza gari kwenye ukuta wa mlima. Tukasimama hatua chache kutoka kwenye zile ndoo. Mimi nilichanika kidevu. Yeye alivunjika mkono.

Karakana nzima ilikuwa na maelezo. Mkuu wa Karakana alisema mbele ya madereva wote, “Ndiyo hasara ya nesi kujifanya fundi.” Wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshafungua gurudumu moja, nimeona mipira imevimba kama maharage yaliyolowekwa, nikarudi rafuni nikanusa lile kopo. Ilikuwa oili ya jeki. Nilijua, nikanyamaza siku mbili.

Siku ya tatu nikaenda wodini. Alikuwa amelala, mkono umefungwa plasta.

“Mama, kosa ni langu. Ile chupa haikuwa mafuta ya breki.”

“Umejua lini?”

“Juzi.”

Akanikaripia kwa Kishambaa, lugha ambayo kazini hakuitumia kamwe, na kila neno nilistahili. Alipomaliza akasema kwa Kiswahili, polepole: “Nenda kamwambie mkuu wako. Mbele ya wale wale waliocheka.”

Nikaenda. Sijawahi kutembea njia ndefu kama ule uwanja wa karakana. Nilipomaliza kusema hakuna aliyecheka. Mkuu wa Karakana akavua kofia, akaenda hospitali kwa miguu kumwomba radhi Matroni. Mimi niliandikiwa onyo na Mhandisi wa Mkoa, nikahamishiwa Mombo, kwenye joto na malori.

Huko nilitafuta mipira mipya ya breki kwa madereva wa mabasi ya Tanga hadi nikaipata, nikaipandisha mlimani pamoja na barua ya maelekezo: kuosha bomba zote kwa spiriti, kutupa kila mpira wa zamani, kutoa hewa iliyobaki ndani ya bomba, gurudumu moja moja. Sikupata jibu. Nikadhani amelitupa gari.

Asubuhi moja, miezi kadhaa baadaye, nikiwa chini ya lori, nikasikia mngurumo nilioujua. Nikatoka. Gari dogo lilikuwa linakuja kutoka mlimani, paa limefunguliwa. Likapunguza mwendo taratibu, likasimama mbele yangu. Matroni akajikongoja kutoka, akazunguka magurudumu yote manne, akiligusa kila moja kwa mgongo wa kiganja, kama mtu anayempima mtoto.

“Hayana homa,” akasema. “Haya, panda. Unipandishe mpaka Soni, nione unavyoendesha.”

Nililia, vijana wangu. Nilisingizia vumbi.

Baada ya Mombo nilipelekwa Korogwe, kisha Handeni, kisha nikarudi Lushoto kama Mkuu wa Karakana, nikaitumikia hadi kustaafu. Nimetengeneza magari mengi ambayo siyakumbuki tena. Mafundi niliowafundisha wamekosea, kama mimi, na mara nyingi waliniambia wenyewe kabla sijagundua. Hilo najivunia kuliko injini yoyote. Leo nawaona vijana wakitazama simu wanajifunza kwa wiki kile nilichokipata kwa mwaka. Sioni wivu. Natamani tu wasiache kunusa.

Matroni naye amestaafu zamani na nywele zake ni nyeupe kabisa. Mwezi uliopita alinialika. Nikaenda na kisanduku changu cha spana, nikamkuta ameinama chini ya boneti, kanga imefungwa kiunoni, anarekebisha kabureta. Nikaweka kisanduku chini nikaanza kukunja mikono ya shati.

“Wee Athumani, nimekuita kunywa chai,” akasema bila kugeuka. “Kaa kitini.”

Nikakaa. Nilikunywa chai yangu ikiwa ya moto, mikono safi, nikimsikiliza akiigeuza bisibisi kidogo kidogo hadi injini ikatulia.