Shangazi wa Pomboo Asiyejua Kuogelea

Saa mbili kasorobo asubuhi, mwanamke mwenye fulana ya buluu na kaptula inayofika magotini amechuchumaa kwenye ukingo wa mbao, anamenya mayai ya kuchemsha. Anayamenya taratibu, kama mtu anayefungua barua asiyotaka kuichana, kisha anayatumbukiza kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Mayai manane. Mwandishi wa makala haya, ambaye ametoka nyumbani bila kutia kitu tumboni, anayakodolea macho.

"Hayo si ya kula," anasema mwanamke bila hata kugeuka. "Hiyo ni ngozi ya pomboo."

Nyuma yake, meli ya watalii yenye ghorofa kumi na moja imefunga gatini. Mbele yake ni kizimba: kipande cha bahari kilichozungushiwa nyavu, ndani yake pomboo wanne wakizunguka na kupumua kwa sauti ya mtu aliyechoka na maswali. Baada ya nusu saa familia zitateremka na taulo, kofia na watoto. Wenye umri wa miaka saba kwenda juu watapelekwa moja kwa moja kwa mkufunzi wa pomboo. Wadogo zaidi watapitia kwanza kwa mwanamke huyu, ambaye kila mtu hapa, kuanzia msimamizi hadi wafagiaji, anamwita Shangazi.

Ana miaka arobaini na sita. Amefanya kazi hii miaka kumi na moja, na kwa hesabu yake ya haraka haraka ameshika mikono ya watoto zaidi ya elfu kumi. Watoto wote hao amesimama nao kwenye jukwaa lililozama kidogo, ambapo maji yanamfika mtu mzima mapajani. Hatua mbili mbele ya jukwaa hilo, bahari ina kina cha mita sita.

Na Shangazi hajui kuogelea. Au tuseme, hadi asubuhi hii hakuna aliye na hakika kama anajua. Leo saa kumi jioni, meli ikishaondoka, atapimwa: mita hamsini bila kusimama wala kushika kamba. Akifeli, anarudi kwenye chumba cha kufulia taulo, kwa mshahara uliopungua theluthi moja. Jaribio la kwanza alifeli wiki tatu zilizopita. Hili ndilo la mwisho.

"Usiniulize habari za jioni," anasema. "Niulize za mayai."

Haya, za mayai. Mtoto mdogo, anaeleza, haogopi meno wala ukubwa. Anaogopa kugusa kitu asichokijua. Kwa hiyo kabla hajamwona pomboo kwa karibu, Shangazi humpa yai lililomenywa, limelowa, alishike. Laini, baridi kidogo, linateleza, linabonyea. Ngozi ya pomboo iko hivyo hivyo. Mkono ukishalijua yai, nusu ya kazi imekwisha. Mayai huyachemsha nyumbani kwake kila siku ya meli, na hakuna aliyemwagiza.

"Mwaka juzi kuna mtoto alilitia mdomoni lote," anasema, na mabega yanaanza kumtikisika kwa kicheko. "Na mimi na mdomo wangu huu, nikamwambia, 'Loo, umemla pomboo!' Jamani! Alilia yule mtoto, nikadhani ataita polisi. Nusu saa nzima nambembeleza, namwonyesha pomboo wote wanne wapo, hakuna aliyeliwa. Tangu siku hiyo utani wa chakula nimeuacha."

Familia ya kwanza inafika: baba, mama, bibi mwenye miwani mikubwa, msichana wa miaka sita na mdogo wake wa kiume wa miaka minne, ambaye haonekani sawasawa kwa sababu amejifunika taulo gubigubi. Baba ameshika simu tayari kwa picha.

"Huyu ndiye mwenye hamu," baba anasema, akilisukuma taulo mbele. "Safari nzima alikuwa anaimba pomboo, pomboo."

Taulo linarudi nyuma hatua moja.

Shangazi hamwambii mtoto asiogope. Neno hilo amelipiga marufuku kwenye jukwaa lake. "Ukimwambia mtoto usiogope, anajua kabisa kumbe lipo la kuogopwa," anasema. Anachofanya ni kuchuchumaa, kuosha mikono ya dada mtu ili kutoa mafuta ya kujikinga na jua, ambayo humwasha pomboo machoni, na kumpa yai. Msichana analibonyeza, anacheka, anampa bibi alibonyeze. Bibi anasema bora angeletewa na chumvi. Taulo linafunguka kidogo upande mmoja, na jicho linatokea.

Sheria ya pili ni ya mkono. Mtoto akitaka kumsogelea pomboo, ananyoosha mkono mbele. Akikataa, anauficha mgongoni. Mkono wa mgongoni haubishaniwi, hata mzazi awe amelipia siti ya dhahabu. Mdogo wake anatoka kwenye taulo, anavalishwa jaketi la kuokolea maisha, anashuka ngazi mbili hadi maji yamfike kiunoni. Kisha mkono wake unakwenda mgongoni na kubaki huko.

"Mwanangu, hebu acha mambo yako," baba anaanza. "Tumekuja kote huku..."

"Baba," Shangazi anamkatiza kwa upole, "nisaidie kushika hizi taulo. Zote. Kwa mikono miwili, zisilowe."

Baba anashika taulo saba. Hana tena mkono wa kusukumia mtu.

Pomboo anayefanya kazi na watoto wadogo ni jike la makamo ambalo wafanyakazi wamelibatiza Mama Mkwe. Haji kwa kuitwa mara moja. Husimama pembeni, anakukagua kwa jicho moja, anageuka, anakukagua kwa la pili, ndipo aamue kama unafaa. Leo anamkagua mvulana. Mvulana naye anamkagua. Dakika tano zinapita, kisha kumi. Msichana ameshamgusa, ameshacheka na kupigwa picha na mama yake, na bado wawili hawa wanatazamana kama watu wanaodaiana salamu.

"Anapumulia wapi?" mvulana anauliza ghafla.

"Utosini," anajibu Shangazi. "Pale. Ngoja tuone."

Pfuuu! Mama Mkwe anapumua, na mvua ya maji ya chumvi inamwagika juu ya mvulana, Shangazi na daftari la mwandishi. Mvulana anaangua kicheko cha kuvunja mbavu. Mkono unatoka mgongoni, unasita, na kidole kimoja kinagusa ubavu wa pomboo kwa muda usiozidi kufumba na kufumbua.

"Yai!" anapiga kelele. "Ni yai kubwa!"

"Picha! Picha!" baba anahangaika, taulo zimemjaa hadi kidevuni. Simu iko mfukoni. Bibi anacheka hadi miwani inamtoka.

Shangazi hakuomba kazi hii. Alikulia mbali na bahari, mahali ambapo maji ni yale yanayoingia ndooni, na alikuja hapa kufua taulo. Siku moja, akipita na furushi lake, alimkuta mtoto wa miaka minne amekumbatia nguzo, wazazi wanavuta huku, mkufunzi anapiga filimbi kule. Aliweka furushi chini, akamnong'oneza: "Hata mimi namwogopa pomboo huyo. Tumwangalie tu." Wakamwangalia. Kwenye kufua hakurudi tena.

Sasa ilikuwaje miaka yote hiyo asijifunze kuogelea?

"Ni haya tu," anasema. "Ukikaa mahali miaka mitano, watu wanadhani unajua. Ukifika wa sita, wewe mwenyewe unaona aibu kuuliza."

Siri ilifichuka miezi miwili iliyopita, kampuni ya bima ilipotaka kila anayesimama jukwaani apimwe. Wafanyakazi kumi na nne walipangwa mstari. Kumi na watatu waliruka majini. Shangazi alibaki amesimama, anajitia hamnazo, anakunja taulo lililokwisha kunjwa. Jaribio lake alilifanya peke yake baadaye, na kwenye mita ya kumi na nane akaing'ang'ania kamba.

Mtu angetegemea ailalamikie sheria hiyo. Wapi!

"Sheria ni ya haki," anasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake inashuka. "Nikuambie kitu."

Miaka miwili iliyopita, msichana wa miaka mitano alikimbilia kofia yake iliyopeperuka, akatumbukia upande wa kina. Jaketi lilimshikilia, uso juu, lakini mkondo ulianza kumsogeza kuelekea kwenye nyavu. Mkufunzi, ambaye wote wanamwita Filimbi, aliruka kutoka upande wa pili akamtoa. Hakuumia hata ukucha.

"Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye. Hatua tatu. Nilisimama pale nikapiga mayowe, miguu imekataa," anasema Shangazi. "Halafu mama yake akanikumbatia, ananishukuru, eti kelele zangu ndizo zimemwokoa mwanawe. Nilikwenda chooni nikalia. Watoto elfu kumi wamenipa mikono yao wakidhani mimi ni mtu wa maji. Nimewadanganya wote."

Tangu barua ya bima ifike, amekuwa akifundishwa na binti yake wa mwisho, mwenye miaka kumi na saba, kwenye bwawa la shule baada ya masomo. Binti hana huruma hata kidogo.

"Anameza maji kama ametumwa," binti anasema alasiri, akiwa amefika moja kwa moja kutoka shuleni.

"Na wewe unapiga kelele kama mwenye duka," mama anajibu. "Nani kamzaa mwenzake hapa?"

Saa kumi jioni meli imeshaondoka, pomboo wamehamishiwa kizimba cha jirani, na mwokoaji kutoka nje amekuja na saa yake na karatasi yake. Njia ni rahisi kuieleza: kutoka jukwaani hadi nyavu, mita ishirini na tano, kisha kurudi. Msimamizi amesimama mikono kifuani. Filimbi anatafuna kamba ya filimbi. Upande wa pili wa nyavu, Mama Mkwe ametoa kichwa nje, anakagua.

Shangazi anaingia majini. Anaogelea kama chura, kichwa juu, shingo imekakamaa, macho yamemtoka pima. Si jambo la kupendeza kutazama. Lakini anakwenda. Mita kumi. Kumi na nane inapita, na Filimbi anaguna. Anagusa nyavu, anageuka.

Kwenye mita ya thelathini na tano, kiwimbi kinampiga mdomoni. Anakohoa. Miguu inachapa maji lakini haendi mbele, na macho yake yanaigeukia kamba, iliyo umbali wa mkono tu.

Binti amesimama ukingoni, mikono kichwani. Kisha anapaza sauti yote aliyonayo:

"Ogopa, mama! Ogopa, lakini njoo!"

Hakuna anayecheka. Shangazi anakohoa tena, anaiacha kamba ilipo, na anaanza kuvuta maji, mkono mmoja, wa pili, polepole mno hata mwokoaji anaacha kuitazama saa. Mita arobaini. Arobaini na tano. Mwandishi anagundua kuwa kalamu imemdondoka.

Mkono wa Shangazi unagonga ubao wa jukwaa.

"Amepita," anasema mwokoaji, na kuandika.

Filimbi anapuliza filimbi kama mwendawazimu. Msimamizi, mtu asiyejulikana kwa maneno mengi, anasema, "Haya, kesho kuna meli mbili," na kuondoka akijifuta uso kwa mkono wa shati. Binti anampandisha mama yake ngazini, anamfunika taulo, na wote wawili wanalia bila kuoneana haya.

Mwandishi anauliza swali linaloulizwa na waandishi wote: na sasa, mipango gani? Kupumzika? Sherehe kidogo?

"Sherehe ya nini?" Shangazi anashangaa, meno yakigongana kwa baridi. "Leo nimejivuta mwenyewe tu. Bado sijamvuta mtu." Anamgeukia binti yake. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla meli haijafunga, tuje hapa. Wewe utavaa jaketi, utaanguka. Mimi nitakufuata."

"Mama, kesho nina mtihani wa hesabu."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Basi utaanguka mapema."

Binti anamtazama mama yake, nywele zimemganda usoni, midomo imepauka. Anayatazama maji.

"Nianguke upande gani?" anauliza.

"Ule wa kina," anasema Shangazi.