Jumamosi Juu ya Mgodi Uliofungwa

Nilipopangiwa kufundisha Geita, miaka ya sabini, mgodi mkubwa ulikuwa umeshafungwa na wenyewe wameondoka. Mimi ni mtoto wa Shinyanga mjini, wa nyumba ya wauza vitambaa, na nilizoea mitaa yenye watu. Huko nilikuta mji uliojengwa kwa ajili ya kazi, na kazi yenyewe haipo. Nyumba za Wazungu kule mlimani hazikuwa na milango wala madirisha. Kinu cha kusagia mawe kilikuwa kimebaki nguzo na mabati machache yaliyogongana kwa upepo. Watoto waliteleza juu ya vipande vya bati kwenye kilima cha mchanga mweupe uliobaki baada ya dhahabu kutolewa.

Aliyenitembeza huko alikuwa mwalimu mwenzangu, mama wa mapacha, Msukuma aliyezaliwa kwenye kota za wafanyakazi wa mgodi. Baba yake alifanya kazi chini ya ardhi mpaka siku ya mwisho. Kila Jumamosi, tukishamaliza kufua, aliwaacha mapacha kwa mama yake, akanipitia. Alikuwa na njia zake. Wiki moja tulipanda hadi kwenye nyumba za mlimani, akinionyesha palipokuwa na bustani ya waridi ambayo yeye na wenzake walikatazwa hata kuisogelea. Wiki nyingine tulizunguka bwawa lililokuwa likipeleka maji kinuni. Njia yoyote tuliyoishika, tulimalizia kwenye karakana ya zamani. Paa lilikuwa limeondoka, sakafu ya saruji imebaki, pana na safi, na pembeni yake bomba nene la chuma lilichomoza kutoka ardhini, urefu wa kiuno. Tulikaa pale, tukala matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, tukaongea ya kwetu.

Ya kwake mara nyingi yalimhusu mumewe. Alikuwa karani wa ushirika, na kila Ijumaa alibeba begi akaenda Mwanza kwa shughuli za pamba, akarudi Jumapili jioni amechoka, hana maneno.

"Pamba gani hii isiyo na msimu?" aliniuliza Jumamosi moja, akichambua karanga. "Ana mwanamke huko."

Mimi sikuwa nimeolewa bado. Nilimwambia aulize kwanza.

"Nikiuliza atasema ukweli, halafu nitafanyaje?"

Wiki iliyofuata mvua kubwa ilinyesha usiku wa Ijumaa. Jumamosi mchana jua lilitoka, tukaona si vibaya kwenda. Tulishuka kwa njia ya bwawani, tukipita kwenye majani yaliyolowa, tukakata kona ya kinu. Mwenzangu alikuwa mbele. Alisimama ghafla, akaurudisha mkono wake nyuma kunizuia kifuani, kama mtu anavyomzuia mtoto asivuke barabara.

Sakafu haikuwepo.

Palikuwa na shimo ambalo nyumba nzima ingeingia. Bamba moja la saruji lilikuwa limesimama wima ndani yake, na kichaka cha mkonge kilining'inia kwa mizizi, kichwa chini. Udongo wa ukingoni bado ulikuwa ukidondoka kidogokidogo. Niliketi chini kwenye matope na gauni langu la kutokea. Pale tulipokaa Jumamosi iliyopita, pale alipochambua karanga, palikuwa hewa tupu. Nilikuwa nikifikiria hilo tu.

Lile bomba lilikuwa limebaki, limeinama kidogo upande wetu. Na lilikuwa likigongwa. Chuma kwa chuma, taratibu, halafu kimya, halafu tena.

Mwenzangu aliokota jiwe, akaligonga bomba. Kule chini wakajibu haraka haraka.

"Kuna watu," alisema. "Wewe kaa hapa, uendelee kugonga wasikate tamaa. Mimi naenda kota kuita wanaume."

Alipandisha khanga yake magotini, akakimbia.

Niligonga. Halafu nikasikia sauti ya mwanamume, ndogo, kama inatoka kwenye mtungi. "Nani huko juu?"

Niliinama mdomo ukakaribia kuligusa bomba. "Mimi ni mwalimu. Mko wangapi?"

Hakujibu. Nilidhani hakusikia, nikauliza tena.

"Watatu," alisema. "Wazima. Tuliingilia kule korongoni, nyuma ya mikonge. Ndiko kulikoziba. Mwalimu, uko na nani?"

"Nilikuwa na mwenzangu, mama mapacha. Amekwenda kuita watu."

Pale ndipo aliponyamaza kabisa. Nikaita, nikagonga. Aliyenijibu baadaye alikuwa mtu mwingine, mwenye lafudhi ya Kisumbwa, akaniomba tusiwaite polisi. Siku hizo kuchimba bila kibali kulikuwa kosa, na mgodi ule haukuruhusiwa kuguswa. Nilimwambia polisi wako mbali, avute pumzi.

Wanaume walikuja na majembe na sururu, wengi wao wazee waliowahi kufanya kazi humohumo. Niliwaelekeza korongoni. Walichimba kwa zamu, wakiweka magogo ya kuzuia udongo, na hakuna aliyewauliza wa chini maswali ya kisheria. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama, walipata upenyo wa mtu kupita kwa tumbo.

Wa kwanza alitoka akitetemeka. Alikuwa udongo mtupu, macho tu ndiyo yalionekana. Mwenzangu alikuwa amechota maji bwawani kwa debe. Alimnywesha, akalowesha pembe ya khanga, akamfuta uso. Yule mtu alimshukuru kwa Kisukuma, "Wabheja, mama." Wa pili vilevile. Wa tatu alichelewa. Alipotoka alibaki amelala kifudifudi, tukafikiri ameumia. Mwenzangu alipiga magoti, akamgeuza, akaanza kumfuta kama alivyowafuta wenzake, paji la uso, macho, pua.

Kisha mkono wake ukasimama.

Nilikuwa nimeshika debe. Nilimtambua muda uleule alipomtambua yeye. Yule karani wetu, mwenye shati la kupigwa pasi, aliyekuwa Mwanza.

"Baba mapacha," mwenzangu alisema, kwa sauti ya chini mno.

Mumewe alifumba macho. Nilingoja mwenzangu alie, au ampige, na nadhani hata wale wazee walingoja. Alilowesha khanga upya, akamalizia shavu lililobaki.

"Umekula?" alimuuliza.

Alitikisa kichwa.

Tulirudi naye katikati yetu, amejifunika khanga mabegani. Nyumbani alioga, akala ugali bila kuinua macho, na alipomaliza ndipo alipoongea. Ushirika ulikuwa umewapunguza kazini makarani, yeye mmojawapo, miezi mingi iliyopita. Alishindwa kumwambia mkewe, akaambatana na watu waliojua njia ya chini. Nilitaka kuondoka, mwenzangu akanishika mkono nibaki.

"Kuna jingine," mumewe alisema. "Lile bomba linaleta sauti. Kila mlipokaa pale tuliwasikia. Jumamosi ile uliposema nina mwanamke Mwanza, nilikuwa chini yako. Wenzangu walicheka. Mimi nilishindwa hata kuinua nyundo."

Hilo lilinitisha kuliko lile shimo. Wiki ngapi tulikaa pale, yeye akilalamika, mimi nikichekacheka, na anayesemwa yuko gizani chini ya miguu yetu anatusikiliza.

Mwenzangu alimgeukia.

"Basi ungegonga," alisema. Halafu akainuka kutoa vyombo.

Hawakuachana. Mwaka uliofuata walihamia upande wa Kahama, kwa ndugu za mume wenye mashamba ya mpunga, na mwenzangu akapata shule ya kufundisha huko. Shimo lilizungushiwa miiba, na baadaye watu wakawa wanatupa taka mle. Nilijaribu mara mbili tatu kutembea peke yangu zile Jumamosi. Nilifika bwawani, nikasimama, nikajikuta nasikiliza ardhi badala ya kutazama mbele. Nikawa nageuza, naelekea sokoni Kalangalala, penye kelele za watu ninaowaona.