Miguu ya Athumani

Nilikuwa fundi wa kupinda leso. Cherahani yangu ilikaa kibarazani mbele ya duka moja la Biashara Street, na mteja akishachagua leso zake alinipa mimi, nikamkatia, nikampindia, akaondoka nazo ziko tayari kuvaliwa. Mikono huongoza kitambaa, miguu hukanyaga. Niliweza kuzungumza na wanawake, kubishana juu ya mpira na kutazama wapita njia, miguu ikaendelea na kazi yake bila kuniuliza. Sikuwahi kuifikiria. Nani hufikiria miguu?

Athumani, mdogo wangu kwa tumbo moja, alikuwa akikaanga mihogo ya kuuza ufukweni Mama Ngina kila jioni. Mchana alilala, na nyumbani kila mtu alijua kuwa kabla ya alasiri humwamshi hata kwa tarumbeta. Siku ile akaamka mwenyewe. Mama alikuwa jikoni na hakumwona akitoka. Alinijia kibarazani mchana, macho bado mazito, akitaka kipande cha amerikani cha kufunikia sinia zake.

"Umeota nini leo?" nikamuuliza.

"Nimeota una mkono mwepesi. Nipe kitambaa."

Nilikuwa nacheka huku namkatia. Mjini kulikuwa na wasiwasi tangu siku kadhaa. Askari walisimama kwenye pembe za barabara, vijana nao walikusanyika baada ya swala, na kila mtu alikuwa na habari yake. Lakini wasiwasi nao huzoeleka. Mimi nilikuwa na leso za harusi za kumaliza, na hilo ndilo lililonishughulisha.

Kisha milango ya maduka ikaanza kufungwa. Ilianza upande wa mbali, mmoja mmoja, ikija kwetu. Hakuna aliyepiga kelele. Mwenye duka letu akanipokonya leso mkononi, akaingia ndani, akakomea.

Mimi na Athumani tulishika njia ya Bondeni kwa kuwa ndiko kulikoonekana kuwa kutupu.

Moshi wa gesi ya machozi ulikuwa umetangulia. Nilimwona Athumani mbele yangu, amejiziba pua kwa kitambaa cha amerikani.

Sikusikia mlio wa bunduki. Nilihisi mtu amenipiga ngumi mgongoni, nikataka nigeuke nimtukane.

"Inuka," Athumani akasema.

Nikamwambia nimeshainuka.

Aliniangalia. Nilikuwa nimelala kifudifudi, na mdomo umejaa vumbi.

Utepe wa kupimia niliokuwa nao shingoni ulikuwa umenikaba. Akauvua, akautia shingoni mwake ili usipotee, kwani alijua ninavyoupenda. Akanibeba mgongoni. Tulipokuwa tukienda nilisikia viatu vikiburuzwa nyuma yetu, karibu sana, wala havituachi.

"Kuna mtu yuwatufuata," nikamwambia.

Vilikuwa viatu vyangu.

Alinilaza kwenye kizingiti cha nyumba moja. Mlango ukafunguka kidogo, mikono ya wanawake ikanivuta ndani.

"Naenda kutafuta mkokoteni," akasema. "Narudi."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ninayoyajua.

Yaliyotokea nyumbani niliyasikia baadaye. Mtu mmoja alifika kwetu Mji wa Kale, amejipenyeza vichochoroni, akamwambia Mama kuwa ameona kijana amelala barabarani Bondeni, amekwisha, na shingoni ana utepe wa fundi. Maiti yenyewe haikuweza kufikiwa kwa sababu ya risasi. Mama hakuhitaji kuambiwa jina. Mwana mwenye utepe ni mimi, Hemedi, na mwana mwingine yuko Mama Ngina, au amejificha huko na watu wake.

Kwetu maiti hacheleweshwi. Jirani yetu Mzee Shee, ambaye ndiye husimamia mazishi ya mtaa, akachukua watu wakaenda kuchimba, ili kaburi lingoje maiti na si maiti angoje kaburi. Walipokwisha kuchimba, jua likiwa linatua, akaja mwanamke mmoja kutoka Bondeni. Hemedi yu hai, akasema. Tumemficha kwetu, na sasa amekwenda hospitali.

Naambiwa msibani kulipigwa vigelegele. Wanawake waliokuwa wakilia walikumbatiana. Yule mtu aliyeleta habari ya utepe alipewa lawama zake, akajiondokea. Hakuna aliyekumbuka kuuliza, ikiwa Hemedi yu hai, yule mwenye utepe ni nani.

Likabaki kaburi. Kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu, wazee wetu hawakubali, kwani wanasema litamwita mtu wa kulijaza. Mzee Shee akakata mgomba, akaupima kimo changu kwa kukisia, wakauvika sanda, wakauzika. Wakarudi nyumbani wakala wali wa matanga kwa furaha.

Nilipopata fahamu hospitali, Mama alikuwa kando ya kitanda, ana uji kwenye kikombe. Nilisema jambo la kipumbavu, kama mtu aliyeamka usingizini anavyoulizia viatu vyake.

"Mama, utepe wangu u wapi?"

"Utepe gani?"

"Wa kupimia. Anao Athumani. Alinivua, akauvaa yeye."

Mama aliweka kikombe sakafuni, polepole, kana kwamba kimejaa hadi ukingoni.

"Aliuvaa wapi?"

"Shingoni."

Hakulia. Alitoka, na Mzee Shee akaenda na watu kila mahali panapowekwa maiti. Wale wasiokuwa na wenyewe walikuwa wameshazikwa, na hakupatikana mtu wa kuonyesha mahali.

Nilikaa hospitali muda mrefu. Niliporudi nyumbani, watu wazima walinibeba kutoka mlangoni mpaka chumba cha chini, na majirani walinitazama kwa namna ambayo sikuielewa mara moja. Walikuwa wameshanililia mara moja. Humlilii mtu kama maiti ukaamka naye kesho yake bila kubabaika.

Chini ya kitovu sikuwa na habari ya kitu. Ilinibidi nijifunze kuishi upya kama mtoto, ila mtoto hana haya. Ratiba ya mkojo, kugeuzwa ubavu, kuoshwa na mamangu mzazi. Wa kunifanyisha mazoezi, aliyetumwa na hospitali, alikuwa Kadzo, msichana wa Kigiriama kutoka Kaloleni, Mkristo, mwenye mikono ya nguvu na mzaha usiokwisha. Alikuja kila wiki. Alinitundikia kamba kwenye boriti ili nijivute kukaa. Alinifundisha kujiinua kwa mikono kwenye kiti cha magurudumu nisije nikapata vidonda vya kukalia, kulala kifudifudi mkekani ili nyonga zinyooke, na kutia leso chini ya wayo na kuuvuta mguu kwangu, kwa muda mrefu na taratibu.

"Usiponyosha miguu," aliniambia, "itajikunja kama pweza aliyeanikwa. Kiti utakiona kwa macho tu."

Mara moja alinionyesha jambo jingine. Alishika wayo wangu akausukuma juu ghafla, mguu ukaanza kugonga wenyewe, tap tap tap, mpaka alipouachia. "Mishipa tu hii," akasema. "Haina habari na kichwa."

Ilikuwa alasiri, siku chache baadaye. Mtaa umenyamaza, watu wako msikitini. Nilisikia kitanda kikilia kwa mdundo ninaoujua. Nikainua shuka. Miguu yangu ilikuwa inakanyaga. Wa kulia, wa kushoto, kisigino na vidole, kama ilivyokuwa kule Biashara Street nikiwa na kazi nyingi. Niliitazama ikishona. Sikuhisi kitu. Nikasoma Ayatul Kursi, nikafika mwisho, nikaanza tena.

Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Athumani," akasema kwa upole. "Umekuja, baba?"

Tangu siku ile alileta kahawa kila alasiri. Kikombe kimoja changu, kimoja alikiweka karibu na miguu. Ikianza kukanyaga alikaa kitako tini sakafuni, akaisimulia habari za nyumba, nani ameposwa, nani amekufa, mihogo imepanda bei. Mimi nilikuwa hapo hapo, juu ya miguu, nikisikiliza kama mgeni asiyeulizwa. Nilimwambia hiyo ni mishipa. Aliniangalia bila hasira.

"Miguu yako tulishaizika, Hemedi. Unafikiri ardhi hudanganywa kwa mgomba? Ilichukua haki yake. Hiyo hapo haina mwenyewe. Na nduguyo hana pa kukaa."

Niseme kweli, kulikuwa na siku nilizoamini. Miguu haikuanza asubuhi, wala Mama akiwa sokoni. Ilianza alasiri, saa ambazo Athumani aliamka.

Lakini ilikuwa inaniua. Kisigino kilisugua godoro mpaka ngozi ikaondoka, kidonda kikafunguka, kikaingia ndani. Nikipata homa, inakanyaga zaidi. Nikikalishwa kitini, inaniangusha. Kadzo alikisafisha kidonda, na siku hiyo hakuleta mzaha.

"Hiki kikifika mfupani, Hemedi, utatufia. Mtetemo lazima utulizwe. Kuna vidonge, na kuna kunyosha, kila siku, si ninapokuja tu."

Mama alimsikia. "Mwambie asimguse Athumani," akaniambia mbele yake, akatoka na sinia la kahawa.

Kadzo alinitazama. Nikamweleza yote, na nilitegemea acheke. Hakucheka. Alifunga bendeji, akanawa mikono.

"Kwetu pia wako wasiozikwa," akasema. "Lakini mimi nimeletwa kwa aliye hai."

Jioni ile nilimwambia Mama kuwa nataka kurudi kazini, na nataka kuishi.

"Na nduguyo?" akauliza.

Nilishika kamba ya boriti, nikajivuta kukaa.

Nikaanza. Vidonge, na mazoezi asubuhi na jioni. Nilijivuta kwa kamba mpaka viganja vikaota sugu. Nililala kifudifudi mkekani nikinusa mavumbi ya nyumba yetu, nikavuta mguu kwa leso na kuushika, nikauachia, nikavuta wa pili. Mabega yangu yakawa ya hamali. Kidonda kikaanza kufunga. Na miguu ikatulia, kidogo kidogo, kama nyumba ambayo watu wanahama.

Mama hakunigombeza. Aliendelea kuleta vikombe viwili. Alikaa tini, akangoja. Kahawa ikipoa alikinyanyua kile kikombe, akakirudisha jikoni kikiwa kimejaa. Ningependelea anitukane. Nilijiona nimemzika mwanawe, safari hii bila hata mgomba.

Nilirudi Biashara na cherahani ya mkono. Mkono mmoja huzungusha gurudumu, wa pili huongoza kitambaa, na ile haraka yangu imekwenda na maji. Wateja husubiri. Kichochoro chetu ni chembamba, na penye ngazi vijana hunibeba na kiti changu wakinitania kuwa nimenenepa. Nilipata maisha. Si yale niliyoyaacha, lakini ni yangu.

Miaka ikapita. Mama akaingia mtoto wa jicho, akawa hatoki. Alasiri moja nilirudi mapema nikamkuta amekaa penye kitanda changu, tini, na vikombe viwili. Kahawa ilikuwa haitoi moshi tena.

"Hemedi," akasema, "yuwaweza kuwa amepotea ndia?"

Nilijihamisha kutoka kitini hadi kitandani, nikachukua leso ya mazoezi. Nikaitia chini ya wayo, kama ninavyoitia kila siku. Kisha nikaivuta ghafla, vile ambavyo Kadzo aliniambia nisivute.

Mguu ukaanza.

Mama akanyosha mkono, akapapasa, akauweka juu yake. Uso wake sitausimulia.

"Umekawia, baba," akasema.

Niliishika leso mpaka Mama alipokwisha kunywa kahawa. Baada ya hapo nilifanya hivyo kila Ijumaa. Kadzo alikuja siku moja akaona vikombe, akaona leso ilivyokunjwa, akajua. "Wajua si yeye," akaniambia nje ya mlango. Nikamwambia najua. Akasema basi nitazame kisigino kisichubuke.

Mama amezikwa kando ya lile kaburi la mgomba. Mgomba uliooza umeliacha limezama katikati, na watu waliokuja kuzika walikuwa wakiuliza ni la nani. Mzee Shee, ambaye sasa husimama kwa bakora, aliniangalia mimi. Nikasema ni la ndugu yangu. Hakuna aliyebisha. Utepe ulikuwa shingoni mwake, habari ilikuwa yake, na kaburi lilikuwa lake tangu mwanzo. Furaha ya kunipata mimi ndiyo iliyompoteza. Watu huniuliza vurugu zile zilinipotezea nini, nami huwajibu kuwa miguu, kwa kuwa ndiyo wanayoiona.

Khitma ya Mama ilipokwisha, wageni wakaondoka. Alasiri ilikuwa kimya. Nilikuwa kitandani, na leso ya mazoezi imetundikwa kwenye kamba yake, mbali na mkono wangu. Mguu wa kulia ukaanza, kisha wa kushoto. Ni mishipa, uchovu na huzuni huichokoza, Kadzo alishanieleza, nami naamini.

Niliiacha ikanyage mpaka ikapunguza mwendo. Kisha nikamwambia, kwa sauti ya kawaida, kuwa Mama ameshatangulia, asijisumbue tena kuja.