Pua ya Gari Haifungwi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa dereva kijana, nilipofundishwa injini na mzee asiyewahi kushika spana. Leo nina gereji yangu hapa Lodwar na mafundi wananisikiliza. Siku hiyo nilikuwa mjuaji tu.

Nilikuwa napeleka chanjo ya mbuzi Kakuma, ndani ya sanduku la barafu. Barafu ikiyeyuka, chanjo imeharibika. Ugonjwa ulishaanza kuua, na wafugaji walishakusanya mifugo wakitungoja. Aliyenisindikiza alikuwa mzee wao, Apa Lokwang'. Apa ni baba kwa Kiturkana, na baba alikuwa kweli.

Kabla ya kuondoka nilitazama lile bomba dogo la juu ya injini, linalotoa hewa chafu ya ndani. Nikawaza vumbi la njia ile. Usipoziba ufa utajenga ukuta, si ndivyo tulivyofunzwa? Basi nikaliziba kwa kipande cha leso, nikakaza na waya, nikajipongeza.

Katikati ya safari harufu ya oili ikatujaa puani. Nilipofungua boneti, oili ilikuwa ikivuja kila pembe, na kijiti cha kuipimia kimeruka nje. Nikasema injini imekufa, na mbuzi wa watu wamekufa nayo. Nililia, sikufichi.

Apa Lokwang' akainama, akaikagua kama mgonjwa zizini.

"Mtoto yangu, hii gari tumbo imefura. Nani amefunga pua yake?"

"Mimi, Apa. Nilikuwa nazuia vumbi."

"Vumbi! Mbuzi ikifura, unafunga ama unafungua? Toa hiyo nguo."

Nikaitoa, nikaongeza oili ya akiba, nikawasha. Bomba likapumua, na uvujaji ukapungua hadi matone. Mwanangu, niliendesha nikiimba! Tuliingia Kakuma barafu ikiwa bado ngumu. "Ejok!" wakapaza sauti, yaani ni vyema, wanawake wakapiga vigelegele, na mbuzi wote wakachanjwa. Apa alimsimulia kila mtu kuhusu leso yangu. Nami nikacheka kuliko wote.

Sasa shika hili. Injini lazima ipumue. Ukichagua bomba la kupumulia, chukua mpira unaostahimili oili, maana ule wa maji hulainika ukajikunja. Lipandishe juu kwanza, liwe na kikopo cha kunasa matone ya oili, na mwisho wake uwe na kichujio, mbali na vumbi la magurudumu. Vumbi huchujwa, pumzi haizibwi. Kila ukibadilisha oili, lifungue, lisafishe, likague nyufa. Na anayekukosoa msikilize, hata kama mikono yake inanuka maziwa badala ya grisi, kwani kuuliza si ujinga.

Nenda, mwanangu. Mungu akufikishe kila uendako barafu ikiwa bado ngumu, na siku utakapokosea, asikukoseshe mtu wa kukuambia, "Toa hiyo nguo."