Udhu wa Ami Rajabu na Mawe ya Figo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa chupa ya mkojo. Bwana Mganga, Mdachi wa hospitali ya boma kule Bukoba, aliniamuru niiinue kwenye mwanga wa dirisha nimweleze ninachokiona. Mimi nilikuwa kijana wa duka, nimezoea kupima chumvi na kukata kaniki. Nikasema naona mkojo. "Mjinga wewe! Tazama chini," akafoka. Chini ya chupa palikuwa na mchanga mwekundu. Hivyo ndivyo nilivyoanza uuguzi, nyinyi mnaoanza leo na sare nyeupe na viatu.

Bwana Mganga alikuwa mkali, lakini kufundisha alijua. Figo, alisema, ni machujio mawili yaliyo nyuma, juu ya kiuno. Huchuja damu, na uchafu hutoka na mkojo. Asiyekunywa maji ya kutosha mkojo wake huwa mzito, chumvi zilizomo hugandana, mwisho wake ni jiwe. Likitulia ndani ya figo, mtu anaweza asijue. Likishuka kwenye mrija, ile njia nyembamba iendayo kwenye kibofu, hapo mwanamume mzima hugaagaa chini akimwita mama yake. Maumivu huanzia ubavuni kwa nyuma, huteremka hadi kinenani, na mkojo huweza kutoka na damu. Tuliwapa matone ya afyuni ya kutuliza maumivu, tukawakanda kwa maji ya moto, tukawanywesha maji mengi, na kila mkojo tukauchuja kwa kitambaa chepesi cha shashi mpaka jiwe lionekane. Yaliyo madogo mengi hutoka yenyewe.

"Lakini jiwe likija na homa, usiketi," alisema Bwana Mganga. "Mlete kwangu mbio. Huyo anakufa."

Baadaye nilihamishiwa Karagwe, kwenye kituo kidogo cha dawa pale Bugene. Wagonjwa walitembea kutoka Nyabiyonza, wengine Nyakatuntu, wengi wakiamini wamerogwa. Mzee mmoja nilipomwagiza anywe maji alinishangaa: "Waitu, bwana wetu, maji matupu? Kwani mimi ndama?" Kwake rubisi haikukosekana, na pombe ile ya ndizi ndiyo aliyoijua kuwa kinywaji. Alikunywa maji kwa kununa. Jiwe lilipotoka alinijia mbio amelifunga kwenye jani la mgomba, akalionyesha njia nzima.

Nilifurahi kupelekwa Bugene kwa sababu ndiko alikoishi Ami Rajabu. Baba yangu, kaka yake, alifia njiani tukitoka Tabora na msafara, na Ami ndiye aliyenilea nyuma ya duka lake la nguo na chumvi. Sina baba mwingine ninayemkumbuka.

Ami alikuwa na sifa moja mjini. Alitawadha Adhuhuri, na kwa udhu huohuo akaswali mpaka Isha. Ili usitenguke, hakunywa maji mchana kutwa, na haja ndogo ikimbana alijikaza. Wafanyabiashara wenzake walimsifu, naye sifa ile aliipenda kuliko faida ya duka.

Alikuwa amekwisha kupata jiwe mara moja. Lilimtesa ubavu wa kulia, kisha maumivu yakatulia, akajihesabu amepona. Nilimwendea.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu."

"Bwana Mganga anasema unywe maji mchana kutwa, mpaka mkojo uwe mweupe."

"Huyo Mdachi wako anaswali?"

"Haswali. Lakini hata dini haikukuamuru ujibane, Ami. Udhu ukitenguka, unatia mwingine."

"Wataniona nimezeeka, kila saa nakimbilia uani!" Akacheka. Mkewe, Bi Tatu, akacheka, na mimi pia, maana Ami alikuwa mtu wa kuchekesha. Nilimrudia kwa maneno hayohayo mara nyingi, hadi akanikataza kuyataja mbele ya wageni.

Mwaka uliofuata Bi Tatu aliniita asubuhi. Nilimkuta Ami mkekani, anatetemeka chini ya mablanketi, mwili unachoma. Safari hii maumivu yalikuwa ubavu wa kushoto. Nilimpa maji akayatapika. Nikampelekea jumbe habari atupe wapagazi wa machela, tumkimbize Bukoba. Kisha nikamuuliza mara ya mwisho amekojoa lini.

Akatabasamu. "Tangu jana usingizi sijapata, haja sijaenda. Swala zote nimeziswali kwa udhu mmoja, mwanangu. Umewahi kusikia mtu kama mimi?"

"Alhamdulillahi," akasema Bi Tatu.

Lakini safari hii hakuwa amejikaza; mkojo wenyewe haukuwepo. Nilijua figo zote mbili zimesimama.

Alifariki alasiri, wapagazi wakiwa uani wanafunga machela. Maiti huoshwa, na hutiwa udhu. Nilimtawadhisha kwa mikono yangu, nikamwagia maji mengi, nikalia mpaka mwoshaji mwenzangu akanitoa nje.

Nilipokwenda Bukoba kumweleza Bwana Mganga, hakufoka. "Figo moja pengine iliharibika kwa jiwe la kwanza," alisema. "La pili likaziba iliyobaki. Hata ungemfikisha, sijui kama ningeweza." Akanipa ruhusa nikae nyumbani na wafiwa.

Wadachi waliondoka na vita vyao, Waingereza wakaja, nami niliendelea na kazi ileile mpaka nikastaafu. Vijana wangu, mgonjwa akiwaambia maumivu yametulia, msimwache aende. Mwulizeni jiwe liko wapi. Na msione haya kumwuliza mkubwa wenu habari za mkojo wake.

Wengi walipona mikononi mwangu kwa maji tu. Waliniletea mikungu ya ndizi, nikapokea, nikacheka nao. Wakishaondoka nilishikwa na hasira, na ninayemkasirikia ni Ami yangu, ambaye ninampenda hadi leo. Siku aliyokufa, mitungi yote ya nyumba ile ilikuwa imejaa maji.